Anayeondoa kesi ya bima ajue anachokiacha

Kila wiki katika mahakama zetu nchini Kenya, majalada ya kesi za madai hufungwa pasi na hukumu yoyote kutolewa. Hakimu hakusikiliza mashahidi, mawakili hawakumhoji mtu kizimbani, na hapana aliyetangazwa kuwa ameshinda au ameshindwa. Mdai mwenyewe, ama wakili wake kwa niaba yake, amewasilisha karatasi fupi inayosema kwamba ameiondoa kesi yake. Jalada linarudishwa kabatini na watu wanakwenda zao.

Kesi zinazohusu kampuni za bima zimo katika fungu hilo, na ndizo ninazokusudia kuzizungumzia leo. Mtu aliyevunjika mguu katika ajali ya matatu, mjane aliyefiwa na mumewe barabarani, mwenye duka lililoteketea usiku, wote hawa huweza kufika mahali wakaambiwa, "Ondoa kesi, tutakulipa." Swali ninalotaka tujiulize ni hili: je, anayeambiwa maneno hayo anajua anachoombwa kukitoa?

Nawaelekea walimu na wanafunzi kwa makusudi. Katika vijiji vyetu vingi, barua yenye mhuri wa wakili ikifika nyumbani, wa kwanza kupelekewa aisome ni mwalimu. Na mwanafunzi anayepanda basi la shule au matatu kila asubuhi, kesho na keshokutwa ndiye atakayekuwa mwenye gari, mwenye mkataba wa bima, au mwenye dai. Elimu isiyomfaa mtu siku ya dhiki ni mzigo tu wa kubebwa hadi chumba cha mtihani.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kuondoa kesi ni haki ya mdai, na wakati mwingine ni busara. Lakini kuondoa kesi kwa ajili ya ahadi ya kampuni ya bima, bila ahadi hiyo kuandikwa na kutiwa muhuri na mahakama, ni sawa na kumkabidhi mnunuzi kamba ya ng'ombe huku fedha zingali mfukoni mwake.

Tuanze na sheria yenyewe. Uondoaji wa kesi umewekwa katika Agizo la 25 la Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka 2010. Kabla kesi haijapangiwa siku ya kusikizwa, mdai anaweza kuiondoa kwa notisi ya maandishi, akaiwasilisha mahakamani na kuwapelekea wahusika wote. Hahitaji ruhusa ya mtu. Kesi ikishapangiwa siku ya kusikizwa, mlango unakuwa mwembamba zaidi: ama pande zote zitie sahihi makubaliano ya maandishi, ama mdai aiombe mahakama ruhusa, nayo mahakama inaweza kuitoa kwa masharti inayoyaona kuwa ya haki.

Kanuni hizo zinasema pia jambo ambalo huwatia watu wengi moyo, nalo ni kwamba kesi iliyoondolewa kwa notisi haimzuii mdai kufungua kesi nyingine juu ya jambo lile lile. Kwa maneno mengine, kuondoa si kushindwa. Hakimu hajaamua lolote, kwa hiyo hapana uamuzi wa kumfunga mtu. Mtu akisikia hivyo huona hana cha kupoteza. Akidanganywa, si atarudi tu?

Hapo ndipo mtego ulipo. Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, inampa mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine miaka 3 ya kufungua kesi. Kwa dai linalotokana na mkataba, muda ni miaka 6. Saa hiyo huanza kuhesabu tangu dai lilipozaliwa, na kesi iliyoondolewa haiisimamishi. Mtu aliyegongwa na gari, akafungua kesi baada ya miaka miwili, kisha akaiondoa baada ya mwaka mwingine mmoja na ushei, amejifungia mlango na ufunguo ameutupa kisimani. Haki ya kufungua kesi mpya anayo kwenye karatasi, lakini muda wa kuitumia haki hiyo umekwisha.

Isitoshe, kuna gharama. Mdaiwa ambaye kesi dhidi yake imeondolewa yote anaweza kuomba kwa maandishi alipwe gharama zake, na hukumu ya gharama hizo ikatolewa dhidi ya mdai. Mdai akifungua kesi nyingine kabla ya kuzilipa, mahakama inaweza kuisimamisha hadi azilipe. Hivyo basi, aliyeondoa kesi kwa matumaini ya kulipwa anaweza kujikuta yeye ndiye anayedaiwa.

Jambo la pili linahitaji maelezo kidogo, maana ndilo linalowapotosha hata watu waliosoma. Kesi za bima zina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa yule mwenye mkataba wake mwenyewe na kampuni. Amelipa ada ya bima ya nyumba au ya gari, hasara imempata, kampuni imekataa kumlipa, naye anaishtaki moja kwa moja. Mlango wa pili ni wa mhasiriwa wa ajali asiye na mkataba wowote na kampuni hiyo: abiria, mpita njia, mwendesha baiskeli. Huyu hamshtaki mwenye bima kwa jina la kampuni. Humshtaki mwenye gari au dereva, na kampuni ndiyo inayoweka wakili wa kuwatetea.

Sasa angalia Sura ya 405, Sheria ya Bima ya Magari kwa Madhara ya Watu wa Tatu. Kifungu cha 10 kinaitaka kampuni ya bima kumlipa mhasiriwa fidia baada ya mahakama kutoa hukumu dhidi ya mteja wake, mradi kampuni ilipewa notisi katika muda uliowekwa. Yaani wajibu wa kampuni kwa mhasiriwa unasimama juu ya hukumu. Kwa hiyo mhasiriwa akiiondoa kesi dhidi ya mwenye gari, hukumu haitakuwapo. Na pasipo hukumu, hana cha kuishika kampuni chini ya kifungu hicho. Anayemwambia mhasiriwa "ondoa kesi dhidi ya mteja wetu, sisi tutashughulika nawe wenyewe" anamwomba abomoe msingi huku akimwahidi paa.

Mwalimu mmoja ninayemfahamu aliwahi kuyaona haya kwa macho yake. Aligongwa na gari la abiria akivuka barabara, akalazwa kwa majuma kadhaa, na alipotoka alifungua kesi. Ilipokaribia miaka 3 tangu ajali, mtu aliyetumwa na kampuni ya bima, ambayo sina haja ya kuitaja, alimwendea nyumbani kwa upole mwingi. Alimweleza kwamba kesi ndiyo inayochelewesha malipo, na kwamba jalada likifungwa hundi ingetoka katika muda wa mwezi mmoja. Mwalimu alikuwa na karo za watoto na deni la hospitali. Alitia sahihi. Mwezi ulipita, na miezi ikafuata. Aliporudi kwa wakili wake, miaka 3 ilikuwa imekwisha, na ahadi aliyopewa haikuwa imeandikwa popote. Ahadi ni deni, walisema wahenga, lakini mahakamani deni lisilo na ushahidi halidaiki.

Je, mwalimu huyo angefanya nini? Jibu limo katika Agizo lile lile la 25. Pande mbili zikiafikiana kihalali, mahakama inaweza kuombwa iyaandike maafikiano hayo na kutoa hukumu inayolingana nayo. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kesi iliyoondolewa huacha jalada tupu. Maafikiano yaliyoandikwa na mahakama huacha hukumu, na hukumu ina meno. Kampuni isipolipa siku iliyotajwa, mdai haanzi safari upya. Anakwenda kukazia hukumu yake.

Kwa hiyo mtu akikubaliana na kampuni ya bima juu ya kiasi, asiseme, "Naondoa kesi." Aseme, "Tuyapeleke makubaliano haya mbele ya hakimu, yaandikwe: kiasi ni hiki, siku ya kulipa ni hii, gharama atalipa fulani." Na ikiwa kampuni inashikilia kwamba lazima kesi iondolewe, basi fedha zitangulie na notisi ifuate. Kampuni yenye nia njema haitaona ugumu wowote katika utaratibu huo. Isiyotaka ahadi yake iandikwe imekwisha kujieleza yenyewe.

Kuna karatasi ya pili ambayo huandamana na ile ya kuondoa kesi, nayo ni hatari zaidi. Ni ile ambayo mtu hukiri kwamba amepokea kiasi fulani kuwa malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hana dai jingine lolote. Wapo wanaoitia sahihi wakidhani ni stakabadhi tu ya kupokelea hundi. Sivyo. Katika kesi ya Trinity Prime Investment dhidi ya Lion of Kenya Insurance iliyoamuliwa mwaka 2015, Mahakama ya Rufani iliichukulia karatasi ya namna hii kuwa mkataba kamili unaomfunga aliyeitia sahihi. Kuivunja kunahitaji sababu zile zile zinazoweza kuvunja mkataba wowote, kama vile ulaghai au kupotoshwa. Kusema "nilikuwa na shida" au "sikuisoma vizuri" hakutoshi.

Huenda msomaji akauliza, mbona niwe na shaka nyingi hivi juu ya ahadi ya kampuni iliyosajiliwa na yenye ofisi katika jengo la ghorofa? Historia yetu ndiyo inayonifunza shaka. Kampuni ya Kenya National Assurance ilikuwa mali ya serikali, na watumishi wengi wa umma waliiamini kama walivyoiamini serikali yenyewe. Iliporomoka mwaka 1996. United Insurance, iliyokuwa na bima za matatu nyingi, iliwekwa chini ya meneja wa kisheria mwaka 2005. Blue Shield ilifuata njia hiyo hiyo mwaka 2011. Kampuni ikifikia hali hiyo, wenye madai huambiwa wasubiri, na kungoja huko kunaweza kupita umri wa mtu. Mwenye hukumu mkononi huwa angalau ni mdai anayetambulika, awekwe katika orodha. Aliyeondoa kesi yake kwa ahadi ya mdomo hana hata nafasi ya kupanga foleni.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila kesi iendelee hadi hukumu. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na kesi ni shari ya aina yake. Hula fedha, muda na usingizi. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 159, inazitaka mahakama kuendeleza njia nyingine za kumaliza migogoro, ukiwamo upatanishi. Usuluhishi ulioambatanishwa na mahakama ulianza kwa majaribio jijini Nairobi mwaka 2016, na makubaliano yanayofikiwa humo hupelekwa mahakamani yakapewa nguvu ya amri. Hiyo ndiyo namna ya kuondoka kwenye kesi kwa heshima. Mtu huondoka na kitu mkononi.

Tena zipo kesi ambazo zinastahili kuondolewa, na mapema iwezekanavyo. Mdai akigundua kwamba amemshtaki mtu asiyehusika, au kwamba mkataba wake wa bima ulikuwa umekwisha muda siku ya moto, au kwamba ushahidi wake hautoshi, kuondoa kesi kabla gharama hazijapanda ni ungwana na ni akili. Zaidi ya hayo, ziko kesi za uongo. Wapo watu waliodai fidia ya ajali ambayo hawakuwamo, na waliojipatia ripoti za madaktari juu ya majeraha ambayo hayakuwapo. Fedha wanazolipwa hazitoki angani. Hutoka katika mfuko unaojazwa na kila mwenye gari na kila mwenye nyumba anayelipa ada yake kwa uaminifu. Mwanafunzi wa Elimu ya Biashara anaijua kanuni ya uaminifu wa hali ya juu katika bima. Kanuni hiyo inambana mwenye dai kama inavyoibana kampuni. Aliyefungua kesi ya uongo na aiondoe leo, wala asingoje kuombwa.

Lakini wakubwa wa kampuni za bima wasiutumie udanganyifu wa wachache kuwa kisingizio cha kuwanyanyasa wengi. Mwongo akabiliwe kwa ushahidi mbele ya hakimu. Mkweli asitegewe karatasi kitandani mwake hospitalini.

Wapo wahasiriwa ambao sheria imewawekea ulinzi wa pekee, nao ni watoto. Jambo hili linawahusu walimu wakuu na wazazi moja kwa moja, hasa pale basi la shule linapopata ajali. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hafungui kesi mwenyewe. Hufunguliwa na mtu mzima anayesimama kwa niaba yake, aghalabu mzazi. Mtu huyo hana ruhusa ya kuafikiana na upande wa pili juu ya kesi ya mtoto bila idhini ya mahakama. Agizo la 32 la kanuni zile zile limesema hivyo. Sababu yake ni wazi: fedha si za mzazi, ni za mtoto, na kovu litakaa mwilini mwa mtoto hadi uzeeni. Kwa hiyo mzazi au mwalimu mkuu akiletewa karatasi ya kumaliza dai la mwanafunzi chini ya mti wa shule, jibu lake liwe moja tu: "Ipelekwe kwa hakimu."

Yaliyobaki ni mapendekezo, na ninayo matatu.

La kwanza ni kuhusu lugha. Karatasi za kuondoa kesi na za kukiri malipo huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, ambacho hata mwenye shahada hukisoma mara mbili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimeifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata maelezo anayoyahitaji. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, sioni kwa nini Mamlaka ya Kudhibiti Bima isiziagize kampuni zote kuwa na karatasi hizo kwa Kiswahili sanifu, na chini yake sentensi moja isomeke hivi: "Nikitia sahihi hapa, sitaweza tena kudai chochote kuhusu ajali hii." Mtu akiisoma sentensi hiyo na bado akataka kutia sahihi, ametumia haki yake kwa hiari. Kabla ya hapo, hiari yake ni ya shaka.

La pili linawahusu mawakili. Wakili ana uwezo wa kumfunga mteja wake kwa makubaliano anayoyatia sahihi mahakamani. Uwezo huo ni amana. Asiondoe kesi, wala asikubali kiasi, kabla ya kumweleza mteja kwa lugha anayoielewa: muda wa sheria umebaki kiasi gani, gharama atalipa nani, na fedha zitalipwa lini. Mteja naye aombe maelezo hayo kwa maandishi. Kumwuliza wakili maswali si utovu wa adabu. Kazi hiyo ndiyo anayolipwa.

La tatu linawahusu nyinyi, walimu wenzangu. Tunawafundisha vijana aina za bima na kanuni zake, wakapata alama nzuri, kisha wakatoka shuleni bila kujua kusoma mkataba mmoja wa bima. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwapa ufahamu unaohusu ajali na madai. Mwalimu wa Elimu ya Biashara anaweza kuleta darasani nakala ya mkataba wa bima ya gari, wanafunzi wakauchambua masharti kwa masharti. Wanafunzi wa chama cha mdahalo wanaweza kujadili hoja kwamba mahakama isikubali kesi ya fidia iondolewe kabla haijaelezwa mdai amepata nini. Mimi ningeiunga mkono hoja hiyo. Leo hii notisi ikiwasilishwa kabla ya siku ya kusikizwa kupangwa, hapana anayemwuliza mdai iwapo ameielewa. Swali moja kutoka kwa msajili wa mahakama, "Umelipwa? Umeandikiwa?", lingewaokoa wengi.

Hadi siku swali hilo litakapoanza kuulizwa mahakamani, tuulizane sisi wenyewe. Mwalimu aliyeletewa karatasi na jirani asimtafsirie maneno tu na kumrudishia. Amwulize ajali ilitokea lini, ahesabu miaka pamoja naye, kisha amwulize ahadi ya kampuni imeandikwa wapi. Ikiwa haijaandikwa, kalamu irudi mfukoni. Wazee wetu, ambao hawakuwa na kampuni za bima wala mahakama za madai, walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.